Mwalimu Amekataa Kula

Jumapili hiyo Phanuel Osiako alikataa kuku, tena jogoo.

Huku Malava mtu anaweza kukataa mambo mengi na asiulizwe neno. Anaweza kukataa chai akidai ana vidonda vya tumbo, au kukataa kiti akisema ana haraka. Lakini jogoo aliyechinjwa kwa ajili yako, akababuliwa motoni, akachemka tangu watu watoke kanisani na kuletwa mezani na mama mwenye nyumba kwa mikono yake miwili, huyo hakataliwi. Na akikataliwa na kijana asiye na mke, katika nyumba yenye msichana ambaye hajaolewa, hakuna haja ya kuuliza sababu.

Jael alikuwa amemwinamia na jagi la maji na beseni ili amnawishe kama kila Jumapili. Phanuel hakunyoosha mikono. Aliilaza juu ya magoti, akaikazia macho.

“Leo sitakula,” alisema.

Mama yake Jael, ambaye kanisani ni Selpher na kwingine kote ni Mama Erastus, alicheka. Alidhani ni mzaha, maana huyu mwalimu alikuwa mtu wa mizaha.

“Unakataa ingokho yangu? Uko mgonjwa?”

“Hapana. Niko mzima.”

“Basi umekula huko kwenu Lurambi ukakuja hapa kama umeshiba.”

“Sijakula tangu jana.”

Kicheko kikamkauka Mama Erastus mdomoni. Mgonjwa angesamehewa, na aliyeshiba angelaumiwa kidogo kisha afungiwe paja aende nalo. Lakini mtu mwenye afya, mwenye njaa, anayemwangalia jogoo na mate yamemjaa, kisha anasema hapana, alikuwa amesema jambo moja tu.

Kwa watu wa huku, kijana anayemtaka binti wa nyumba hali chakula cha nyumba hiyo. Si dharau, ni heshima. Mpaka wazee wake waje, wakae, wazungumze na wakubaliwe, yeye na mama wa msichana ni watu wa kukwepana. Hawashikani mikono, hawaketi karibu, na wakikutana njiani mmoja wao hukata kona hata pasipo na kona. Wanaume wengine humtuma shangazi apeleke maneno. Phanuel aliituma njaa yake.

Tatizo ni kwamba alikuwa amechelewa, tena vibaya. Alianza kuja hapo mwanzo wa mwaka kumfundisha Jael, na kila alipokuja alikula. Alimshika Mama Erastus mkono akifika na akiondoka. Aliingia jikoni akasonga ugali. Aliitwa mwanangu akaitika. Sasa mtu kama huyo anaanzaje kuwa mkwe?

“Na firigisi itaenda wapi?” aliuliza Erastus kutoka upande wa pili wa meza.

Erastus ndiye kaka mkubwa, mkulima wa miwa, na tangu baba yao afariki firigisi ya kila kuku katika nyumba hiyo ilikuwa haki yake, hadi mwalimu alipokuja na mama akaihamishia kwa mgeni. Kwa hiyo huzuni yake siku hiyo haikuwa nzito sana.

Mama Erastus alilifunika bakuli, akaligeuza upande wa jikoni. Hakumtazama Phanuel. “Jael, peleka mwalimu nje msome. Kesho unasafiri. Hii maneno ingine nitajua vile nitaongea nayo.”

*

Kwenye veranda kulikuwa na viti viwili vya plastiki na meza ndogo. Phanuel alikaa. Jael hakukaa. Alitembea hadi kwenye nguzo, akarudi, akaenda tena. Ng’ambo ya ua miwa ilikuwa imesimama kimya bila upepo, na mawingu ya mchana yalikuwa yanajikusanya upande wa msitu kama ilivyo desturi yake, yakijiandaa kumwaga.

“Kaa chini tuanze,” Phanuel alisema.

“Tuanze nini?”

“Insha. Si mtihani ni keshokutwa?”

“Unajua mtihani ni keshokutwa!” Jael aligeuka. Alikuwa ananong’ona kwa nguvu, kunong’ona kule kunakosikika hadi barabarani. “Kumbe unajua. Kumbe akili iko. Mimi nilifikiria imepotea.”

Na alikuwa na haki ya kuchacha. Jael alikuwa karani kwenye mizani ya chama cha wakulima wa miwa, akiandika uzito wa trekta moja baada ya jingine, na moyo wake ulikuwa umechoka kuandika uzito wa vitu vya watu wengine. Alitaka kusomea usimamizi wa biashara katika chuo kimoja Nairobi, ili siku moja aendeshe kiwanda na wengine wamwandikie yeye. Hesabu za mtihani wa kuingia alizimeza bila maji. Kilichomwangusha mwaka uliotangulia kilikuwa insha ya uchambuzi. Chuo kilimwambia ajaribu mara moja zaidi, na kwamba baada ya hapo asisumbuke.

Insha yenyewe, ukiisikia, ni kitu kidogo. Unapewa hoja ya mtu fulani, fupi tu, na nusu saa ya kuichambua. Huulizwi wewe unaonaje. Unaulizwa hoja hiyo imekalia nini, na hicho inachokikalia kina nguvu gani. Lakini Jael hakuweza. Wiki ya kwanza Phanuel alimpa hoja ya mwenye hoteli aliyeanza kuwapa wateja mandazi ya bure, wateja wakaongezeka, naye akashauri kila hoteli mjini itoe mandazi ya bure. Jael aliandika kurasa mbili akimtukana mwenye hoteli kuwa ni mjinga, na kwamba mandazi yake bila shaka yalikuwa ya jana.

“Usigombane na mwenye hoja,” Phanuel alimwambia siku ile, akicheka hadi akavua miwani. “Gombana na hoja.”

Tangu siku ile Jael alikuwa akiwaza zaidi juu ya kile kicheko kuliko alivyowaza juu ya mandazi. Lakini hilo hakumwambia mtu.

Sasa alimwona mtu huyohuyo amekaa, miwani puani, mabega yameinama, na moyo ukamtuma ampige na kiti.

“Kwa nini leo?” aliuliza.

“Kwa sababu leo ndiyo mwisho.”

“Mwisho wa nini?”

“Wa mimi kuja hapa. Jumapili ijayo utakuwa Nairobi umemaliza mtihani. Ukipita, unaingia chuo. Nikikula tena leo, nitakuwa nimekula mpaka mwisho. Nitabaki mtoto wa mama yako. Wewe utakuwa dada yangu, na nitakuja kwa harusi yako nibebe masufuria.”

“Kwa hivyo ukaamua kumwambia mama.”

“Ndiyo.”

“Kabla ya kuniambia mimi.”

Usoni mwa Phanuel, Jael aliona wazi kwamba jambo hilo halikuwa limempitia akilini hata kidogo. Mtu mwenye shahada mbili! Mtu anayewafundisha watu kutafuta kilichosahaulika katika maneno ya wengine!

“Nilidhani unajua,” alisema.

“Najua nini?”

“Jael, unajua.”

“Mimi sijui kitu. Mimi nilikuwa nimeshika jagi. Nimesikia habari yangu na masikio yangu nikiwa nimeinama kama mpishi, na Erastus ameisikia wakati moja na mimi, na yeye shida yake ni firigisi!”

Phanuel alitaka kucheka. Alijizuia, na kule kujizuia ndiko kulimwasha Jael zaidi. Alienda tena kwenye nguzo. Hakujua kama kinachomsukuma ni hasira au ni kile kingine, kilichomkosesha usingizi tangu mahindi yalipopandwa. Usiku mwingi alijiambia kwamba akipita mtihani ndipo atakapojiruhusu kufikiria. Kwanza chuo, mengine baadaye. Na sasa huyu mtu alikuwa amekuja kumwaga mengine yote sakafuni, mkoba wa safari ukiwa tayari kitandani.

Wazo baya likampanda. Aligeuka polepole.

“Ama hutaki niende?”

“Nini?”

“Ulijua nitachanganyikiwa. Nitafika Nairobi kichwa imejaa maneno ya nyumbani, nianguke, nirudi kwa mizani. Halafu wewe uko hapo Lurambi, karibu. Unanipata bila shida.”

Phanuel aliinuka. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Jael akatamani kuyarudisha maneno yake, lakini yalikuwa yameshatoka.

“Hiyo usiseme,” Phanuel alisema taratibu. “Niambie nimekosea, nimekubali. Niambie mimi ni mjinga, sawa. Lakini nimekaa na wewe mwaka huu wote nikikuonyesha mlango wa kutoka hapa. Ningetaka ubaki ningekufundisha vibaya. Ni rahisi sana kufundisha vibaya.”

Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka, na ilikuwa wazi kwamba Mama Erastus ndiye aliyekiangusha, na kwamba hakuwa anapika chochote.

“Weka saa,” Jael alisema.

“Saa gani?”

“Si ulisema tufanye insha? Weka saa. Nachambua hoja yako.”

Phanuel alimtazama. Kisha, kwa sababu alikuwa mwalimu hadi kwenye mifupa, alitoa simu, akaiweka juu ya meza.

Jael aliegemea nguzo, mikono nyuma.

“Mwenye hoja anasema asipokula leo, atampata msichana. Akikula, atamkosa.” Sauti yake ilianza ikiwa ya juu, kisha ikashuka. “Hoja hii imekalia kitu ambacho hakijasemwa. Anachukulia kwamba msichana anampenda. Ushahidi wake ni nini? Msichana humnawisha. Lakini msichana huyo huwanawisha wageni wote, hata wale wa kanisa anaowachukia. Msichana hucheka akitaniwa. Pengine amelelewa vizuri tu. Ama pengine anacheka kwa sababu mwenye utani ndiye anamsahihishia insha.”

“Endelea,” Phanuel alisema. Alikuwa amevua miwani.

“Tena anachukulia kwamba Nairobi ni mahali pa kumeza watu, mtu akienda harudi. Hajaleta mfano hata mmoja. Pengine msichana anaweza kwenda na bado arudi. Pengine anaweza kwenda akiwa na mtu moyoni, na huyo mtu ndiye atamfanya asome zaidi. Hilo hakuliangalia. Halafu hii habari ya kula. Anasema akikula leo amekuwa ndugu. Lakini amekula hapa siku nyingi. Kama chakula ndicho kinamfanya mtu ndugu, basi alishakuwa ndugu kitambo, na kukataa leo hakusaidii. Kama bado si ndugu, basi si chakula kinachoamua. Ni kitu kingine. Na hicho kitu kingine hajakitaja.”

Tone la kwanza la mvua lilipiga bati, likafuatwa na la pili, na hakuna aliyetazama juu.

“Hoja ingepata nguvu...” Jael alianza, akakwama.

“Ingepata nguvu kama nini?” Phanuel aliuliza.

“Kama angesema. Kama angemwambia msichana mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla ya kumwambia mama wa watu kwa tumbo lake.”

Phanuel alibaki amesimama. Macho yake yalikuwa yamelowa, na mvua ilikuwa bado haijafika verandani.

“Jael,” alisema, “hujagombana na mimi.”

“Nagombana na wewe tangu umekataa kuku!”

“Hapana. Umegombana na hoja. Umeipasua vipande vipande na hujanitukana hata mara moja. Unajua umefanya nini? Hiyo ndiyo insha. Ndiyo hiyo tumeitafuta miezi hii yote. Ukiandika hivyo, hakuna wa kukuangusha.”

Jael alitaka kujibu jambo kali. Badala yake alikaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu watoke ndani. Ilikuwa kweli. Alijua ilikuwa kweli. Kitu kilichokuwa kimefungwa kichwani mwake mwaka mzima kilikuwa kimefunguka, na kilikuwa kimefunguka kwa hasira ya kupendwa vibaya.

“Sasa sema,” alimwambia.

Wakati huohuo mvua ya Kakamega, ambayo haina adabu, ikaamua kushuka yote kwa mkupuo. Ilipiga mabati kwa kishindo. Phanuel alisema jambo. Jael aliona midomo ikicheza.

“Sisikii!”

Akasema tena.

“Mwalimu, sisikii kitu!”

“NIMESEMA NAKUPENDA!” Phanuel alipaza sauti kwa nguvu zote za mapafu yake. “NILIKUPENDA TANGU ULIPOMTUSI YULE MTU WA MANDAZI! NILIKUWA NAKULA NA INANIKWAMA KOONI! NIKIKATAA MAMA YAKO ANGEJUA, NIKIKULA NAKUPOTEZA, NA NILIKUWA NAOGOPA, NIKAKULA!”

“Tumesikia!” Erastus aliitikia kutoka ndani.

Jael alijifunika uso kwa viganja vyote viwili. Alikuwa anacheka, na machozi yalikuwa yanapita katikati ya vidole, na alitaka ardhi immeze na wakati huohuo alitaka mvua hiyo isiishe kabisa.

*

Iliisha, kama kawaida yake, ghafla. Na Mama Erastus akatoka jikoni, leso mabegani, sahani iliyofunikwa mkononi. Aliweka sahani juu ya meza, kando ya simu. Alivuta kiti cha pili, akakaa, akainyoosha miguu yake mbele. Phanuel alibaki amesimama.

“Mwalimu,” alisema. “Hii miguu unaona?”

“Naona, Mama.”

“Nilikuonyesha hii miguu ikiwa imefura. Ukaniambia niende hospitali, nikaenda. Nilikuambia vile baba ya hawa watoto alikufa, maneno sijawahi ambia hata dada yangu. Nilikaa na wewe jikoni kichwa wazi, nywele ikiwa haijasukwa. Sasa niambie. Mkwe huonyeshwanga miguu?”

“Hapana, Mama.”

“Mkwe hujuanga nywele ya mama mkwe iko namna gani?”

“Hapana.”

“Basi mimi leo nifanye nini na aibu yangu? Niipeleke wapi?” Sauti ilimkatika. Jael, aliyemwona mama yake akizika mume bila kulia mbele ya watu, aliingiwa na hofu. “Nilikuwa na watoto wawili nyumba hii. Nikaona Mungu ameniongeza wa tatu. Nilikuwa naamka Jumapili nikiwa na furaha kwa sababu ya huyo wa tatu. Na leo umekuja kunikufia hapo mezani, mbele ya obusuma, ugali niliosonga mwenyewe.”

“Mama, mimi sijafa.”

“Umekufa kama mtoto. Usinidanganye, mimi ni mzee.”

Phanuel aliinamisha kichwa. “Nisamehe,” alisema. “Sikutaka kukupotezea huyo wa tatu. Nilitaka tu nisimkose huyu.”

Mama Erastus alijipangusa macho kwa pembe ya leso. Alipozungumza tena alikuwa amejikusanya, na alizungumza na Jael.

“Mukhana wanje, binti yangu, sikia. Chakula iko hapa, bado moto. Akikula, ni mtoto wangu vile alikuwa. Atakaa na wewe mpaka giza, akufundishe yote imebaki, uende Nairobi ukiwa tayari. Hii maneno ya leo nitasema ni njaa ilimchanganya, na mtu akiirudia nitagombana na yeye. Lakini asipokula, atoke saa hii. Mkwe hawezi kaa kwa veranda yangu akishika kalamu. Atoke, asirudi mpaka akuje na wazee wake, na ninyi wawili msiongee mpaka hao wazee wakae.”

“Hata kwa simu?” Jael aliuliza.

“Hata kwa simu. Nikikubali kuaibika, naaibika kwa njia ya sawasawa.”

“Mama, mtihani ni keshokutwa.”

“Ndiyo nakuuliza wewe. Si mtihani ni yako?”

Jael aliitazama sahani. Aliwaza Jumatatu nzima ndani ya basi peke yake, usiku wa Nairobi nyumbani kwa binamu yake, na asubuhi ile mbele ya kompyuta, saa ikihesabu kurudi nyuma, bila sauti ya kumwambia pumua kwanza. Mara moja alishakaa mbele ya kompyuta hiyo. Alikumbuka vile vidole vilivyokufa ganzi.

Phanuel alikuwa anamtazama pia. Kisha akapiga hatua hadi mezani.

“Nitakula,” alisema.

“Mwalimu...” Jael alianza.

“Insha ya uchambuzi ina sehemu mbili hatujapitia vizuri. Utangulizi wako bado mrefu. Na ukichelewa kwa saa unaanza kukimbia.” Hakuwa anamtazama tena. Alikuwa anaongea na sahani, haraka haraka. “Hiki ndicho kitu umetaka maisha yako yote. Mimi nilikuja hapa kukusaidia ukipate. Nikiondoka sasa nitakuwa nimekuja kwa sababu yangu, si yako. Kwa hivyo nitakula, Mama. Mimi ni mtoto wako.”

Alifunua sahani. Mvuke ulipanda. Akanyoosha mkono kuchukua kipande.

Jael hakujua kwamba ameinuka. Alijikuta tu ameivuta sahani, ameishika kifuani, mchuzi unamwagika kwenye blauzi yake ya kanisani.

“Usikule,” alisema.

“Jael, mtihani...”

“Nimeshafanya mtihani. Si umeniambia ndiyo hiyo insha? Ama ulikuwa unanidanganya?”

“Sikudanganya.”

“Basi hakuna kitu umebakisha kunifundisha. Utangulizi nitaufupisha mwenyewe.” Pumzi ilikuwa inamwishia, lakini aliendelea, maana alijua akinyamaza hataweza tena. “Nikianguka, nitaanguka kwa sababu ya mimi. Sitaki kupita halafu nije kukuona kwa harusi yangu umebeba masufuria. Toka.”

Phanuel aliitazama sahani, kisha akamtazama yeye.

“Toka kwetu, Phanuel,” Jael alisema. Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina, hata siku moja. “Nenda nyumbani. Ambia wazee wako.”

Alimwona akielewa. Kulianzia kwenye macho, kukashuka taratibu hadi mdomoni, na mdomo ukashindwa kujua kama ucheke au ulie. Alitaka kumsogelea. Alipiga hatua moja, akakumbuka yuko wapi, akarudi nyuma. Alichukua simu yake mezani, akaiangusha, akaiokota. Mtu aliyekuja kila wiki na kuondoka kwa mbwembwe, sasa hakujua hata mlango wa ua uko upande gani.

“Pumua kwanza,” alimwambia Jael. “Kabla ya kuandika chochote, pumua.”

“Nenda!”

Akaenda. Alishuka ngazi za veranda, akaingia kwenye matope ya ua kwa viatu vyake vya Jumapili, bila kutafuta njia kavu. Jael alibaki na sahani kifuani. Alikuwa na hofu ambayo hajawahi kuwa nayo, hofu ya mtihani na ya Nairobi na ya wazee wasiojulikana watakaokuja kukaa kwenye viti hivyo na kuulizana maswali, na katikati ya hofu hiyo yote alikuwa na furaha iliyomfanya atake kukimbia kuuzunguka mji mzima.

Aligeuka kumtafuta mama yake, amwombe radhi. Kiti kilikuwa kitupu.

Alimwona uani. Mama Erastus alikuwa ameshuka kwa upande wa jikoni kwenda kufungua lango kwa mazoea, maana ndiye aliyemsindikiza mwalimu siku zote. Alikuwa amefika katikati ya ua Phanuel alipotokea mbele yake. Wote wawili walisimama. Phanuel, kwa mazoea yaleyale, aliinua mkono wa kulia.

Mama Erastus alipiga yowe dogo. Kisha, kwa miguu ileile iliyokuwa ikifura, alikimbia. Alikimbia kwenye matope akavuta leso juu ya kichwa, akalizunguka tangi la maji, akajibanza nyuma yake na kuugeuzia uso ukuta, akingoja mkwe wake apite.